Mashimo Matatu ya Mahindi

Mvua kubwa ya mwaka wa tisini na sita ilianza tarehe tisa Machi, siku ya Sabato, watu wakiwa bado kanisani. Kufikia Jumatano, majirani wote wa kule nyuma ya Rongo walikuwa wameshatia mbegu ardhini, na wengine walikuwa wanazunguka na debe kufukuza kunguru. Boma moja tu lilikaa kimya. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamekauka, na ng'ombe wa kulima walikuwa wanakula nyasi tu kama wageni.

Boma hilo walilijenga wazee waliokwisha kufa. Walioachwa ndani yake ni nyumba mbili kubwa: ya Phelesia, mjane wa Gwada aliyekuwa mtoto wa kwanza, na ya Boaz, mdogo wake Gwada. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kupanda kila msimu. Akishachimba na kufukia, ndipo wengine wanafuata, mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Alipokufa, zamu ilimwangukia Phelesia. Hakuiomba. Ilimwangukia kama vile kufagia uwanja kunavyomwangukia anayeamka mapema. Mpaka mkono wake utie mbegu kwenye shamba lake mwenyewe, alilopewa na mumewe, hakuna mwanamke wa boma lile angethubutu kupanda hata maharage.

Na shamba lake ndilo lililokuwa kortini.

Kesi ilikuwa ya zamani. Siku maafisa wa ardhi walipopita kuandika mashamba, Gwada alikuwa Kericho akichuma majani chai, na Boaz akaandikisha jina lake kotekote, upande wake na upande wa kaka yake, ati watarekebisha baadaye. Baadaye haikufika. Gwada alipozikwa, Boaz alikuwa na wana wawili wa kuoa, akaanza kusema kwamba kipande cha chini ni chake, karatasi inasema. Phelesia akasema karatasi haijawahi kulima. Ndipo wakaanza kwenda Homa Bay. Mwaka wa tisini, wakati kesi inafunguliwa, wote walikuwa chini ya wilaya moja. Wilaya ikagawanywa, Migori ikawa na makao yake, lakini faili yao ilibaki kulekule Homa Bay, nao wakaendelea kuifuata. Leo wakili hayupo, kesho shahidi mgonjwa, keshokutwa hakimu amehamishwa. Hakimu wa sasa, Onyancha, alikuwa wa tatu. Novemba iliyopita alikuwa ametoa amri: mpaka kesi iamuliwe, Phelesia akae nyumbani kwake kwa amani, lakini yeye na Boaz wote wawili wasilime, wasipande, wasivune, wasijenge wala kukata mti katika kipande kile.

Amri yenyewe Phelesia aliielewa vizuri. Karani aliitafsiri polepole kwa Kijaluo, na yeye akaitikia kwa kichwa na kuweka alama yake ya kidole, ingawa alijua kuandika jina. Siku ile mkono ulikuwa umechoka.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria pale kortini, si hakimu, si karani, si Boaz, ni mvua.

Liz, mke wa mwanawe Cliff, ndiye wa kwanza kusema. Cliff alikuwa Masara kwenye mashimo ya dhahabu, na kwa jasho la huko alikuwa amenunua kishamba ng'ambo ya kijito, kisichohusika na kesi yoyote. Liz alikuwa ameshakilima mara mbili, udongo laini kama unga. Alimwambia mama mkwe wake kwa adabu, akiwa ameshika ungo, kwamba labda wangepanda punje mbili tatu hapa uani, ndani ya boma, ili shughuli iwe imefanyika.

"Uani si shamba, mwanangu," Phelesia akamwambia. "Hapa hata kuku watacheka."

Liz akauliza je, wakikodi kipande kwa jirani? Phelesia akasema cha kukodi ni cha mwenyewe. Liz akaendelea kupepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Alhamisi asubuhi akaja Mong'ina, mke wa Boaz. Alikuwa Mkisii aliyeolewa pale miaka ishirini na mitano iliyopita, na mpaka leo Phelesia alikuwa akimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, naye akimwita nyieka, jinsi wanawake walioolewa boma moja wanavyoitana. Kesi ilikuwa imewatenganisha waume, yaani mume mmoja na kaburi la mwingine, lakini wanawake hao wawili walikuwa bado wanaombana chumvi. Siku hiyo Mong'ina hakuja na kibakuli cha chumvi. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu wake wenye maumivu, akasifu mvua, akasifu ndama, akauliza habari za Cliff. Phelesia alimngoja. Alikuwa amezoea kungoja watu wafike wanakokwenda.

"Nyieka," Mong'ina akasema mwishoni, "mvua inapita."

"Naiona."

"Wake za wanangu wananiuliza. Nitawaambia nini? Mimi mwenyewe kwetu tunapanda tu, mtu na shamba lake, lakini niliolewa huku."

"Mwenye amri ni korti. Nenda kawaulize."

Mong'ina akatazama mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na hapendi kutumwa, kwamba hata mashimo matatu yangetosha. Mashimo matatu nani atayaona? Na Boaz je, Phelesia akauliza. Mong'ina akajibu kwamba Boaz ndiye aliyekuwa amefunga nira usiku uliopita, halafu akaifungua, halafu akakosa usingizi.

Hapo Phelesia alielewa kwamba Boaz ndiye aliyemtuma mkewe. Alielewa pia kwamba hatamsikia Boaz akikiri jambo hilo maisha yake yote.

Yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama anaamini. Mchungaji Monari alikuwa amewafundisha kwamba mambo ya nani atangulie kupanda yaliachwa msalabani, na Phelesia alikuwa akiitikia amina pamoja na wengine. Lakini alilijua boma lake. Wakipanda kabla yake, na Julai mjukuu mmoja akikohoa tu, au akikonda, watasema ni chira, ule ugonjwa wa waliokiuka desturi, na watamtazama nani? Wasipopanda, watakula nini? Alipiga hesabu hiyo akiwa anakuna mgongo wa paka, na kila alipoanzia aliishia palepale, kwenye mkono wake mwenyewe.

Ijumaa kulipokucha alitoa hindi moja la mbegu kutoka juu ya jiko, jeusi kwa moshi, akalipukuchua punje tisa. Alichukua jembe dogo la mpini mfupi. Hakwenda katikati ya shamba. Alisimama pembeni kabisa, karibu na kijia, akachimba mashimo matatu, akatia punje tatu kila shimo, akafukia kwa mguu. Hakuimba wala hakuomba. Mgongo ulimwuma aliponyooka. Alipokuwa hajafika mlangoni akasikia mluzi wa Boaz akiwaamrisha ng'ombe, na jembe la plau likigonga jiwe la kwanza kwenye shamba lake la ng'ambo ya barabara. Liz alipita mbio na kikapu kichwani. Kufikia saa nne boma zima lilikuwa limeinama, na kwa mara ya kwanza wiki ile watu walikuwa wanataniana.

Wiki tatu baadaye akaja mjumbe wa korti kwa baiskeli. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa vilivyoharibiwa na matope. Alimsalimia Phelesia, akaomba radhi, akaenda pembeni mwa shamba, akahesabu. Punje moja ilikuwa haikuota. Akaandika: mimea minane. Akatoa rula mfukoni akapima urefu wake, akaandika hilo pia. Kisha akampa Phelesia barua, na Liz akaisoma. Ilisema kwamba kwa ombi la mlalamishi, Boaz, kupitia kwa wakili wake, Bwana Okari, Phelesia anatakiwa afike kortini tarehe saba Mei aeleze kwa nini asifungwe kwa kuidharau mahakama.

Liz alianza kulia kwa hasira. Aliuliza hivi huyu baba mdogo ana roho gani, anamtuma mkewe aje kubembeleza, halafu anakwenda kushtaki? Alisema mama mkwe wake ametegwa kama panya.

Phelesia hakudhani ilikuwa mtego. Alikuwa amemjua Boaz tangu akiwa kijana wa kaptura, na alijua kwamba ndani yake wanakaa watu wawili wasiosalimiana. Mmoja anataka mahindi yake yaote salama. Mwingine anataka kushinda kesi. Wa kwanza alimtuma Mong'ina. Wa pili alikwenda kwa wakili, na wakili alipouliza kama kuna lolote jipya, akajibu ndiyo, kuna jipya, yule mama amepanda. Ni hivyo tu. Kumkasirikia kulihitaji nguvu, na nguvu alizokuwa nazo alikuwa ameziweka kwa ajili ya safari.

Tarehe saba waliondoka alfajiri, yeye na Liz, na saa tatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje ya korti. Upepo wa ziwa ulikuwa unaleta harufu ya omena zilizoanikwa. Phelesia aliijua kila kasoro ya benchi lile, msumari uliotokeza upande wa kushoto, ubao wa tatu uliolegea. Miaka sita. Wengine waliokuwa wakikaa naye mwanzoni walikuwa wamekwisha kushinda, au kushindwa, au kufa. Boaz alikuja na koti lake la harusi za watu, Mong'ina nyuma yake. Walisalimiana wote, kwa mkono. Mong'ina alikuwa amebeba uji kwenye chupa, akammiminia Phelesia kikombe kabla ya kumpa mumewe, na Boaz akatazama kando.

Kesi iliitwa saa tano. Hakimu Onyancha alikuwa na mafua, leso mkononi, macho mekundu. Wakili Okari alisimama na kueleza kwa dakika nyingi, amri ilitolewa lini, ilitafsiriwa na nani, alama ya kidole hii hapa, ripoti ya mjumbe hii hapa, mimea minane. Alisema sheria isipoheshimiwa kwa mmea mmoja haitaheshimiwa kwa ekari mia. Hakimu akauliza kama mama ana wakili. Hana. Je, angependa mkalimani? Phelesia akasema atajaribu kwa Kiswahili chake cha sokoni, maana mkalimani akimaliza kuongea yeye huwa ameshasahau alichosema.

Aliulizwa kama aliijua amri. Akasema aliijua. Kama alipanda. Alipanda. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Kwa nini, Mama?"

Akaeleza. Hakumtaja Mong'ina, kwa sababu Mong'ina angeitwa aape, na akiapa itabidi arudi kulala nyumba moja na Boaz. Alieleza tu kwamba kwao hakuna anayepanda mpaka yeye apande, na mvua ilikuwa inapita. Hakimu alisikiliza, akapiga chafya, akaomba radhi. Kisha akamgeukia Boaz, si wakili.

"Wewe ulipanda lini?"

Okari akataka kuinuka, hakimu akamwonyesha kiganja. Boaz akasema hakumbuki vizuri.

"Kabla ya huyu mama au baada yake?"

"Baada, mheshimiwa."

"Siku ngapi baada?"

Boaz akatazama dari. Karani akarudia swali. Watu wa benchi la nyuma walikuwa wameacha kunong'ona.

"Siku hiyohiyo," Boaz akasema.

Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa. Hakimu hakucheka. Alisema hilo halibadilishi kitu kuhusu amri, kwa sababu amri haikuwa imesema Phelesia asipande isipokuwa shemeji yake akiwa na haraka. Alisema hana hamu ya kumfunga mama wa umri huu kwa mimea minane. Akatoa njia: mahindi yale yang'olewe leo hii, mjumbe ashuhudie, naye Phelesia aombe msamaha, jambo liishe.

Phelesia akasema msamaha anaomba, tena kwa moyo, korti haijamkosea. Lakini kuyang'oa kwa mkono wake uleule ulioyapanda hawezi.

"Basi mlalamishi anaruhusiwa kuyang'oa," hakimu akasema. "Bwana Boaz, utakwenda na mjumbe. Ni mimea minane tu."

Ilimpasa Boaz aseme ndiyo. Okari alikuwa ameshaandika ndiyo kwenye karatasi yake. Boaz alisimama pale katika koti lake, mikono imening'inia, na Phelesia akamwona kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze akiwa mtu mmoja, yule wa mahindi. Ng'ambo ya barabara alikuwa na ekari tatu zilizofika kiunoni. Wake za wanawe walikuwa wamepanda. Kulikuwa na mjukuu wa miezi miwili.

"Mimi hapana, mheshimiwa," akasema. "Mimi siwezi kugusa hayo."

"Kwani yana nini?"

"Mheshimiwa, naomba tu hili ombi nilifute. Tumsamehe."

Okari alimvuta pindo la koti. Hakimu akajifuta pua, akakunja leso mara nne, na akaongea taratibu, bila ukali, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema Boaz hana cha kusamehe. Kesi ya shamba ni ya Boaz na Phelesia, wanaweza kupatana hata leo chini ya mti wowote. Hili jingine si lao. Korti ilisema neno, na neno likavunjwa, na aliyedharauliwa hapa si Boaz.

"Nitayaacha hayo mahindi," akaendelea, "kwa kuwa hakuna kati yenu anayeweza kuyashika, na mimi siwezi kutuma askari kupigana na mahindi. Kwako wewe Mama nataka kitu kimoja. Uniambie hapa, mbele ya watu, kwamba hutatia tena jembe pale mpaka niamue. Useme hivyo, uende nyumbani."

Liz, kwenye benchi, aliinamisha kichwa mara kadhaa kumwashiria akubali. Mong'ina alikuwa amefumba macho. Hata Okari alionekana anataka iishe, maana ilikuwa saa ya chakula.

Lilikuwa neno moja tu, na Phelesia alilitafuta kinywani. Angeweza kulisema. Lakini alikuwa anaiona Septemba, mvua ndogo ikianza, Liz na ungo wake, Mong'ina kwenye kigoda akinyoosha mguu, akisifu ndama. Kesi haitakuwa imekwisha. Miaka sita haikwishi kwa miezi minne. Na yeye atainuka na jembe, kwa sababu nani mwingine atainuka? Kisha atarudi hapa, mbele ya mtu huyuhuyu mwenye mafua, akiwa amevunja amri na pia amesema uongo. Aliona mlima huo wote, na miguu yake ikakataa kuupanda kuanzia chini.

"Mheshimiwa," akasema, "Septemba itanyesha."

"Ndiyo."

"Ikinyesha watakuja mlangoni kwangu. Huyu, na yule, na yule." Hakuonyesha kwa kidole. "Nikikuahidi leo, nitakuwa nimekudanganya. Bora nikudharau mara moja."

Hakimu akachukua kalamu. Kisha akaandika. Alipomaliza akasoma: Phelesia amepatikana na hatia ya kuidharau mahakama, atakaa gerezani siku kumi na nne, na kesi ya shamba yenyewe ataisikiliza mfululizo kuanzia tarehe tatu Juni, bila kuahirishwa kwa ombi la yeyote, na hapo akamtazama Okari, ili hukumu itoke kabla ya mvua nyingine. Baada ya hapo akakohoa, akasema korti inapumzika.

Siku kumi na nne. Phelesia alizipokea kama anavyopokea debe la maji kichwani, kwa kutafuta mahali pake pa kukaa. Askari mwanamke aliyekuja kumchukua alimwambia asiharakishe, wangemngoja. Kwenye ukumbi Liz alimshika, akataka kujua afanye nini. Akamwambia ndama asikamuliwe mama yake asubuhi, kuku wa madoa amelala kwenye mayai chini ya kitanda, na Cliff asiambiwe mpaka aje mwenyewe, kwa sababu atapanda gari kwa hasira na kuacha kazi. Na asilie hapa, ajikaze mpaka nyumbani. Mong'ina alivua sweta lake, la kijani, vifungo vyote vikiwepo, akamvalisha, akamfungia kimoja kimoja mpaka shingoni kama mtoto wa shule.

Boaz alisubiri wanawake wamalize. Alisogea karibu, akavua kofia.

"Mama Cliff," akasema chinichini, "na kuvuna je?"

Kwa maana kuvuna pia kulianza na mkono wake, na mahindi yangekomaa Agosti, na amri ilikuwa bado inakataza kuvuna pale. Kwa siku zote hizo Boaz hakuwa amefika huko kwa mawazo, na sasa alikuwa amefika. Sura yake ilikuwa imenyong'onyea.

Phelesia alimtazama. Alitafuta hasira akaikosa, akatafuta huruma, akapata kidogo.

"Juni uje kortini useme kweli kuhusu Kericho," akamwambia. "Useme siku ile kaka yako alikuwa wapi. Hukumu itoke Julai. Agosti nitavuna."

Boaz akaizungusha kofia mikononi. Wakili wake alikuwa anamwita kutoka kwenye ngazi.

"Siwezi kukujibu leo, Mama," akasema.

"Nami leo siwezi kusikia. Nimechoka." Akamgeukia yule askari, akamwuliza kama huko wanakokwenda kuna mahali pa mtu kunyoosha mgongo. Askari akasema kipo kirago. Phelesia akasema kirago kinatosha, wakatoka pamoja kwenye jua la adhuhuri, polepole, kwa mwendo wa mkubwa wao.